Shauri la Vijana: Historia Fupi ya Kuwaelekeza Wanafunzi Katika Kazi na Elimu ya Juu, kwa Mfano wa Hombolo

Utangulizi

Katika lugha yetu ya Kiswahili neno shauri lina uzito wa pekee. Shauri ni maoni anayopewa mtu na wenzake ili apate kuamua jambo. Shauri pia ni jambo lenyewe linaloamuliwa. Na tena shauri ni kesi iliyofikishwa mbele ya wazee au mbele ya hakimu. Wajerumani walipoitawala nchi hii walilichukua neno hili wakalitia katika lugha yao, wakawa wakiita shauri kile kikao ambacho mtawala wa wilaya alisikiliza mambo ya watu na kutoa amri. Na katika maongezi ya kila siku yapo matumizi mengine. Kijana akiuliza ashike njia gani, mara nyingi hujibiwa, "Shauri yako!" Sarufi yataka tuseme shauri lako, lakini watu wamekwisha kulitenga neno hili na jamaa zake, wakalipa maana yake mbali: amua mwenyewe, na yakikufika usinililie. Basi neno lile lile lililokuwa likimkutanisha mtu na wenziwe laweza pia kumwacha peke yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vijana wa nchi yetu walivyokuwa wakielekezwa katika kazi na katika masomo ya juu tangu enzi za wazee wetu hadi leo. Mfano tutauchukua Hombolo, mahali palipo kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Tumepachagua Hombolo kwa sababu pana mengi ya kumfunza mwanafunzi. Lipo bwawa kubwa lililojengwa mwaka 1957. Kipo kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia mtama na uwele. Yapo mashamba ya mizabibu, na yapo makazi ambako wagonjwa wa ukoma walitunzwa kwa miaka mingi. Juu ya hayo kipo Chuo cha Serikali za Mitaa, kilichoundwa kwa Sheria Namba 26 ya mwaka 1994. Mwanafunzi wa sekondari wa Hombolo huyaona yote haya kwa macho yake. Lakini kuona si kujua. Mtu aweza kupita mbele ya lango la chuo miaka minne asijue ni nani anayeingia humo, kwa sifa zipi, na akitoka anakwenda kufanya kazi gani.

Shauri la wazee

Kabla ya kuja kwa shule, Wagogo, kama watu wa makabila mengine ya nchi yetu, walikuwa na taratibu zao za kumwingiza kijana katika kazi. Maisha ya Ugogo yalitegemea ng'ombe pamoja na kilimo cha uwele na mtama, katika nchi ambayo mvua zake ni chache na hazina ahadi. Mtoto wa kiume alianza kwa kuchunga ndama na mbuzi karibu na tembe, na kadiri alivyokua ndivyo alivyopelekwa machungani mbali zaidi. Mtoto wa kike alifuatana na mama yake shambani, kisimani na penye jiwe la kusagia. Wakati wa jando ulipofika, vijana walifundishwa kwa nyimbo na mafumbo yale yaliyompasa mtu mzima: heshima, uvumilivu, na wajibu wake kwa ukoo.

Palikuwa pia na kazi maalumu ambazo si kila mtu aliweza kuzishika. Walikuwapo wahunzi na waganga. Walikuwapo watemi waliotunza mawe ya mvua. Walikuwapo mafundi wa zeze, na wanawake waliojua kupiga ngoma ya muheme. Elimu ya namna hii ilipita katika ukoo, au kijana aliyeonekana kuwa na kipaji alikaa karibu na bingwa hadi akahitimu.

Ukiuchunguza utaratibu huo utaona kwamba ulikuwa na nguvu kwa sababu tatu. Kwanza, aliyetoa shauri alimjua kijana tangu utoto wake. Pili, aliijua kazi yenyewe kwa kuwa aliifanya kila siku. Tatu, shauri likiwa baya hasara ilimrudia mshauri, maana kijana asiyeweza kuchunga aliiletea njaa nyumba nzima. Haikuwezekana mzee aseme neno halafu aondoke zake.

Hata hivyo tusiusifu utaratibu huo kupita kiasi. Uchaguzi ulikuwa mdogo. Mwana wa mfugaji alikuwa mfugaji, na binti hakuulizwa kabisa. Isitoshe, shauri la wazee lilifaa katika ulimwengu ambao kesho yake ilifanana na jana yake. Ulimwengu huo ulipovunjika, wazee walijikuta wakiulizwa habari za njia ambazo wao wenyewe hawakupata kuzipita.

Lakini mbegu yake haikupotea. Marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, alijifunza zeze, ilimba na uimbaji nyumbani, si darasani. Ujuzi huo wa nyumbani ulimfikisha katika ngoma za taifa, kisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo alikofundisha vijana, na hatimaye katika majukwaa ya nchi nyingi za dunia. Maisha yake yatukumbusha kwamba kipaji cha mtoto chaweza kuonekana machungani kabla hakijaonekana katika karatasi ya mtihani. Mshauri wa leo asiyetazama upande huo huacha nje nusu ya mtoto.

Shauri la Bwana

Shule za serikali ya Wajerumani, kuanzia ile ya Tanga iliyofunguliwa katika miaka ya 1890, zilikuwa na lengo lililokuwa wazi: kupata makarani, wakalimani na maakida wa kuendesha utawala. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliiendeleza shabaha hiyo kwa namna yao. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa kwanza kwa wana wa watemi na majumbe, ili watawala wa kesho waandaliwe na watawala wa leo.

Kwa mtoto wa kawaida wa Ugogo, njia ilikuwa nyembamba, na kila hatua ilikuwa na chekecheo lake. Palikuwa na mtihani wa darasa la 4, kisha wa darasa la 8, kisha wa darasa la 10, na mwisho wa darasa la 12. Katika kila chekecheo wengi walibaki nje. Waliopita waligawanywa kulingana na mahitaji ya ofisi na misheni. Ndipo zikazuka zile kazi ambazo majina yake yangali masikioni mwa wazee: karani, tarishi, dresa, bwana shamba, mwalimu, askari. Aliyetaka elimu ya chuo kikuu hakuwa na pa kwenda hapa nchini. Alitazamia Makerere kule Uganda, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi na baadaye ikawa chuo kikuu kishiriki.

Mjini Dodoma misheni ya Kianglikana ilikuwa na shule yake pale Kikuyu, ambayo ilikuja kuwa shule ya sekondari ya Alliance, na baada ya uhuru ikapewa jina la Mazengo, kwa kumkumbuka yule mtemi mashuhuri wa Ugogo. Kwa vijana wengi wa nyanda za kati, hapo ndipo mlango wa kazi za kalamu ulipofungukia. Lakini nani aliyeamua kijana huyu awe mwalimu na yule awe dresa? Mara nyingi ilikuwa barua ya mkuu wa shule, au neno la padre, au haja ya Bwana Shauri pale bomani. Kijana aliitwa, akaambiwa, akashukuru. Lilikuwa shauri kwa maana ile ya Wajerumani: kusikilizwa kidogo na kuamriwa sana.

Mfano mmoja wa enzi hiyo wastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa mkoa wa Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga pale Kongwa, ukaenea hadi Urambo na Nachingwea. Watu kwa maelfu walikwenda kutafuta kazi. Vijana ambao hawajapata kuona mashine walifundishwa kuendesha trekta, kutengeneza injini na kuchomelea vyuma. Ilionekana kwamba zama mpya zimefika Ugogo. Lakini udongo mgumu, uhaba wa mvua na mipango iliyofanywa mbali na nchi yenyewe viliushinda mpango huo, na mwaka 1951 ukaachwa. Wakulima wa Ugogo, waliojua tabia ya mvua zao, hawakuulizwa neno kabla ya trekta ya kwanza kuteremshwa. Wale waliojifunza ufundi walibaki na ufundi wao, lakini kazi waliyoahidiwa ilitoweka. Hapo pana somo: kumwonyesha kijana kazi iliyopo leo hakutoshi, yapasa pia aelezwe kazi hiyo inasimama juu ya nini, na kile kinachoishikilia kikiondoka yeye atashika nini.

Mwaka 1953 ilifunguliwa shule ya serikali za mitaa pale Mzumbe, karibu na Morogoro, ili kuwafundisha watemi, makarani wa mahakama na watumishi wa mabaraza ya wenyeji. Tutairejea habari hiyo mbele, maana chuo cha Hombolo ni mjukuu wa wazo lile lile.

Shauri la taifa

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 ilionekana wazi jinsi chekecheo za wakoloni zilivyokuwa kali. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba nchi nzima ilirithi madaktari 12 na wahandisi 2. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa mwezi Oktoba wa mwaka huo huo katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kwa kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa, nchi tatu ziligawana masomo. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Kwa hiyo kijana aliyechagua kazi alikuwa amechagua pia mji wa ugeni wake.

Katika hali hiyo serikali haikuweza kumwacha kila mwanafunzi afuate moyo wake. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano ulioanza mwaka 1964 uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa watumishi wenye elimu ya juu. Mwaka huo wa 1964 ada ziliondolewa katika shule za sekondari za serikali. Mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa kwa fedha za umma, na kwa upande wake alitia sahihi ahadi ya kulitumikia taifa kwa miaka mitano mahali atakapopangiwa. Wakati huo mshauri wa kijana alikuwa mahitaji ya nchi. Zikihitajika nafasi za walimu wa hesabu, wenye alama nzuri za hesabu walijikuta ni walimu.

Utaratibu huo ulizaa matunda makubwa. Shule zilipata walimu wa kizalendo, hospitali zilipata waganga, ofisi zilipata mabwana na mabibi maendeleo. Mtoto wa maskini wa Ugogo aliyefaulu hakuuliza karo itatoka wapi. Hata hivyo ulikuwa na mashaka yake, nayo yalijitokeza tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mishahara. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao. Siku hiyo ilidhihirika kwamba wasomi wetu walifundishwa masomo yao vema, lakini hawakuwa wameelezwa vya kutosha masomo hayo ni kwa ajili ya nani.

Jibu la swali hilo lilitolewa mwezi Machi 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu alionyesha kwamba katika watoto waliokuwa wakimaliza shule ya msingi, asilimia 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari, na bado elimu nzima ilitengenezwa kwa ajili ya hao wachache. Wengine waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Kwa hiyo aliagiza kila ngazi ya elimu iwe kamili kwa wenye kuishia hapo. Kwa maoni yangu, huo ndio uliokuwa waraka wetu mkubwa kuliko yote katika habari ya kuwaelekeza vijana, ingawa haukuandikwa kwa jina hilo.

Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma liliongeza sharti jingine: mwenye kumaliza kidato cha 6 afanye kazi kwanza, na aingie chuo kikuu baada ya miaka miwili au zaidi, akiwa na ushuhuda wa tabia na juhudi yake kazini. Baada ya muda masharti hayo yalilegezwa, kwanza kwa wasichana, kwa kuwa idadi yao vyuoni ilipungua. Lakini msingi wake haukuwa mbaya. Kijana aliyekwisha kufanya kazi hujua anakwenda kusoma nini na kwa sababu gani, na hilo ni jambo ambalo mshauri yeyote angependa kulipata kwa mwanafunzi wake.

Hapa turudi kwenye serikali za mitaa. Katika baraza la mawaziri la mwanzo wa uhuru, wizara hiyo ilikuwa mikononi mwa Job Lusinde, mwana wa Ugogo aliyesoma Makerere na kufanya kazi ya ualimu. Vijana wengi walifundishwa Mzumbe wakawa makatibu na wahasibu wa halmashauri. Lakini mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa, na kazi zao zikatiwa chini ya mikoa na wilaya. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, nazo zikaanza upya mwaka 1984. Aliyeanza kazi ya halmashauri akiwa na miaka 22 katika mwaka 1968 aliiona ofisi yake ikifungwa, kisha ikifunguliwa tena, kabla hajatimiza miaka 40. Basi hata kazi ya serikali, ambayo wazazi huiona kuwa mwamba, ina majira yake kama mvua ya Ugogo.

Shauri yako

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mambo yalibadilika. Ada za sekondari zilirudishwa. Shule za watu binafsi ziliongezeka. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi, na ile desturi ya mhitimu kusubiri barua ya kupangiwa kituo ikakoma katika kada nyingi. Mwaka 2004 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, zikajengwa shule katika kata kwa maelfu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Mwaka 2007 ulikuwa wa pekee kwa Dodoma: Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza pale Chimwaga, na katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Mazengo kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Pale palipokuwa na mlango mwembamba wa sekondari sasa pana chuo kikuu. Tangu mwaka 2016 elimu hadi kidato cha 4 katika shule za serikali hutolewa bila ada.

Haya ni mafanikio ambayo wazee wetu hawakuyaota. Mwaka 2023 watahiniwa wa kidato cha 4 nchini walizidi 500,000. Lakini tazama kilichotokea pamoja na mafanikio hayo. Zamani nchi ilimchagulia kijana, na kwa hiyo hapakuwa na haja kubwa ya mshauri. Leo kijana anajichagulia. Anajaza fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo; anaomba chuo mwenyewe; anaomba mkopo mwenyewe; anatafuta kazi mwenyewe. Kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipitia mfumo mmoja wa pamoja. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika kila chuo. Mwezi Machi 2024 ilitangazwa kwamba tahasusi za kidato cha 5 zimefika 65, na kati ya hizo 49 ni mpya. Milango imekuwa mingi, na mwenye kuisimulia milango hiyo kwa mtoto wa kijijini hajaongezeka kwa kadiri hiyo.

Ni kweli kwamba wizara ilikwisha kuhimiza ushauri na unasihi mashuleni tangu miaka ya 1980, na katika kila shule hutarajiwa kuwapo mwalimu wa kazi hiyo. Lakini mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kufundisha, ana madaftari ya kusahihisha, na mara nyingi ameachiwa pia nidhamu. Mwanafunzi aliyechapwa asubuhi hawezi jioni kumwendea mwalimu yule yule kumweleza ndoto zake.

Hasara ya kukosa shauri haionekani siku moja. Chukua mfano wa msichana wa kidato cha 2. Katika mtaala uliozoeleka kwa miaka mingi, mwanafunzi aingiapo kidato cha 3 aliweza kuacha fizikia na kemia. Shule haina mwalimu wa kutosha wa fizikia; rafiki zake wanaiacha; naye anaiacha. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hiyo amefunga mlango wa uhandisi na wa udaktari, na kwamba akiiacha kemia pia amefunga mlango wa ufamasia na wa kilimo cha kisayansi. Miaka miwili baadaye anaulizwa anataka kuwa nani, naye anajibu, "Daktari." Watu wanamcheka. Lakini kosa si lake. Shauri lilihitajika kabla ya kalamu kuandika, nalo lilikuja baada ya milango kufungwa.

Au chukua mvulana aliyepata alama ambazo hazikumfikisha kidato cha 5. Nyumbani husemwa kwamba amefeli, na huenda akajiona kama wale waliotajwa mwaka 1967. Kumbe mwenye ufaulu wa masomo manne katika kidato cha 4 aweza kuanza astashahada, akapanda hadi stashahada, na kutoka hapo akafika shahada. Ngazi hiyo ni ndefu kidogo, lakini vidato vyake ni imara, na anayeipanda hufika kileleni akiwa tayari na ujuzi wa kazi mikononi. Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo ni moja ya ngazi hizo. Humo hufundishwa utawala wa serikali za mitaa, uhasibu na fedha, maendeleo ya jamii na usimamizi wa rasilimali watu. Mtoto wa Hombolo amjua mtendaji wa kata kuwa ni mtu mwenye muhuri. Hajaelezwa kwamba nyuma ya muhuri ule yapo masomo, na kwamba masomo yale yanatolewa karibu na nyumbani kwao.

Liko pia tatizo la dharau. Tangu zama za Bwana, elimu ilipewa maana ya kuikimbia jembe. Kwa hiyo kazi inayofanywa kijijini haihesabiwi kuwa kazi ya msomi. Lakini pale Hombolo watafiti wenye shahada hushinda juani wakipima masuke ya mtama, wakitafuta mbegu itakayokomaa kabla mvua haijakatika. Pale mizabibu huhitaji mtu ajuaye udongo, ajuaye magonjwa ya majani, na ajuaye jinsi juisi inavyogeuka mvinyo. Bwawa lahitaji mhandisi wa maji na mtaalamu wa samaki. Makazi ya wagonjwa wa ukoma yalihitaji wauguzi, na yalihitaji zaidi watu wenye moyo wa kumshika mkono mtu aliyetengwa na jamaa zake. Hakuna hata moja katika kazi hizi isiyoheshimika, na hakuna hata moja isiyohitaji elimu.

Yanayopasa kufanywa

Baada ya kuipitia historia hii, twaweza kuona kwamba kila enzi ilikuwa na jambo la kutuachia. Wazee walituachia mshauri anayemjua kijana na kuijua kazi. Taifa huru lilituachia swali la elimu hii ni kwa ajili ya nani. Zama zetu zimeleta uhuru wa kuchagua. Lililobaki ni kuyaunganisha mambo haya matatu, na kazi hiyo haihitaji fedha nyingi.

Kwanza, shauri lianze mapema, kidato cha 2 na hata kabla yake, kabla mwanafunzi hajaacha somo lolote. Pili, wenye kazi waitwe shuleni kueleza kazi zao: mtendaji wa kata, muuguzi, mtafiti wa mtama, mkulima wa zabibu, fundi wa mabomba. Kila mmoja aeleze alisoma nini, kwa miaka mingapi, kwa gharama gani, na ni taabu gani aliyoikuta. Neno la mtu mmoja wa namna hiyo lazidi mabango kumi ya ukutani. Tatu, vyuo vilivyo karibu vifungue malango yao kwa wanafunzi wa sekondari walau siku moja kwa mwaka. Nne, kila shule iwe na daftari la waliomaliza hapo na walikofikia, ili mtoto aone kwamba waliokalia dawati lake wamekwisha kupita njia hizo. Tano, wazazi washirikishwe. Mama asiyejua tahasusi ni nini amjua mwanawe kuliko mwalimu yeyote. Mwalimu naye aijua fomu. Wakikaa pamoja, shauri litakamilika.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla katika elimu ya sekondari. Hii ni nafasi njema, lakini ina hatari yake. Ikiwa mkondo wa amali utahesabiwa kuwa jalala la walioshindwa, tutakuwa tumeirudisha ile chekecheo ya kale kwa jina jipya. Ikiwa mtoto ataelezwa tangu mwanzo kwamba ufundi una heshima, una ngazi, na una mlango wa kufikia elimu ya juu, basi tutakuwa tumetimiza kwa vitendo yale yaliyoagizwa mwaka 1967.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Lakini kijana si samaki wa kukunjwa tu. Ni mtu mwenye akili, mwenye haki ya kuambiwa sababu. Serikali ikitimiza wajibu wake, mwalimu akapewa nafasi na muda, na wenye ujuzi wa Hombolo wakakubali kutoa saa chache za mwaka kwa watoto wa jirani, mwanafunzi atakapoketi kujaza fomu yake ataijaza akijua kila neno lina maana gani. Na akimwuliza baba yake, "Baba, nifanyeje?", baba huyo atakuwa na la kumjibu, wala hatalazimika kumwambia shauri yako.